Picha Ikiganda, Zima Redio Kwanza

Fundi anayefunga dishi la televisheni mjini Likasi huliinua uso mpaka likakaribia kusikiliza utosi wa mbingu. Mji huo wa Haut-Katanga, nchini Kongo, uko takriban digrii 11 kusini mwa ikweta, na setilaiti za televisheni zimepangwa juu ya ikweta yenyewe, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Setilaiti ya Eutelsat iliyo digrii 16 mashariki, inayobeba Canal+, iko upande wa kaskazini-magharibi wa Likasi kwenye mwinuko wa digrii 72 hivi. Ile ya digrii 36 mashariki, ya DStv, iko kaskazini-mashariki kwenye mwinuko wa digrii 73. Ukisafiri kilomita 20 hadi mgodi wa Shinkolobwe, hesabu hiyo haibadiliki hata kwa digrii moja.

Namba hizo zingeweza kuzima ugomvi mwingi wa majirani. Mtu anafungiwa redio ya intaneti juu ya paa, kile kisanduku cheupe cha Ubiquiti au MikroTik kinachotazama mnara wa kampuni ya intaneti ng'ambo ya kilima, na wiki hiyohiyo televisheni ya nyumba ya pili inaanza kukatika. Picha inaganda, inavunjika miraba miraba, sauti inakwama. Lawama zinapanda paani moja kwa moja: kisanduku kimekaa mbele ya parabole, kimeziba njia.

Macho yanadanganya hapo. Dishi la kawaida la nyumbani, lile lenye umbo la yai na mkono unaoshika LNB, kichwa kinachopokea mawimbi, kwa chini, hupokea kutoka juu zaidi ya pale uso wake unapoonekana kutazama, kwa tofauti ya digrii 25 hivi. Likionekana limeelekea mlingoti wa jirani, kwa kweli linasikiliza juu kabisa ya ncha ya mlingoti huo. Redio nayo hurusha mawimbi yake karibu sambamba na ardhi. Kwa dishi la Likasi, njia hizo mbili hazikutani.

Hata hivyo jirani hakosei kila mara. Redio ya intaneti inaweza kweli kuharibu televisheni ya setilaiti, ila kwa milango ambayo wengi hawaiangalii.

Tuanze na uwiano wa nguvu, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Dishi la sentimita 80 hupata kutoka transponda moja, yaani kirushaji kimoja cha setilaiti, kama sehemu mbili za trilioni ya wati. Redio ya paani ikirusha wati moja tu kuelekea upande fulani, mtu aliyesimama mita 10 upande huo anapata katika kila mita ya mraba nguvu inayozidi ile ya setilaiti kwa zaidi ya mara milioni 100. Kwa tofauti hiyo, swali linalobaki ni kwa nini madishi yote ya mjini hayajazimika.

Jibu liko kwenye koo la LNB. Mdomo wa LNB ya bendi ya Ku, ndiyo inayotumiwa na Canal+ na DStv, ni bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 19 hivi. Bomba la upana huo halipitishi wimbi lolote lililo chini ya gigahezi 9 na kitu. Ni kama kimlango cha banda la kuku: kuku anaingia, mbuzi anabaki nje hata akisukuma. Televisheni ya Ku iko kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, kwa hiyo inaingia bila shida. Wi-Fi ya gigahezi 2.4, redio za paani za gigahezi 5.8, hata minara ya simu, zote zinaishia mlangoni. Kwa njia ya hewa kupitia mdomoni, LNB ya Ku ni kiziwi kwa redio ya intaneti.

Kiziwi huyo ana mkia, nao unasikia. LNB ikishapokea mawimbi huyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2,150 ili yaweze kusafiri ndani ya kebo mpaka kwenye dekoda. Kebo nzuri iliyofungwa vizuri haiingizi kitu cha nje. Kebo ya bei rahisi, yenye wavu wa chuma mwepesi, iliyopasuliwa na jua na kuungwa katikati kwa utepe wa umeme, inageuka kuwa antena. Na kati ya 950 na 2,150 wamo wapangaji wengi: minara ya simu ya 1800 huzungumza na simu kati ya megahezi 1,805 na 1,880, ya 3G kati ya 2,110 na 2,170, na ya 900 hugusa mwanzo kabisa wa safu hiyo.

Ujerumani ilijifunza somo hili sebuleni. Chaneli za ProSieben na Sat.1 zilikuwa kwenye transponda ya megahezi 12,480 ya setilaiti za Astra. LNB hutoa 10,600 katika masafa hayo ya juu, na kinachobaki ni 1,880. Simu za mezani zisizo na waya za aina ya DECT hutumia kati ya 1,880 na 1,900. Simu ikiita karibu na kebo mbovu, chaneli hizo zinaganda na nyingine zote zinaendelea kama kawaida.

Mfano huo unampa fundi wa Likasi kipimo ambacho hakigharimu franki hata moja. Kwenye menyu ya dekoda kuna masafa ya kila transponda. Ikiwa yanazidi 11,700, toa 10,600; ikiwa ni chini ya hapo, toa 9,750. Chaneli zinazosumbua zikiwa za transponda moja au mbili tu, na jibu la hesabu likaangukia kwenye masafa ya simu, mkosaji ni mnara au simu inayopenya kwenye kebo. Redio ya intaneti ya 5.8 haimo kabisa katika safu hiyo. Zikisumbua chaneli zote, hesabu hiyo haina kazi. Tatizo liko kwenye uelekeo wa dishi, LNB, maji au umeme.

Maji na umeme ndiyo makosa yanayoonekana zaidi ukipanda paani na bisibisi. Chukua konekta moja ya kebo ya dishi, ile ya kuzungushwa. Ifungue. Waya wa katikati unatakiwa utokeze milimita chache tu na uwe safi, rangi ya shaba. Mara nyingi utakuta uzi mmoja wa wavu wa nje, mwembamba kuliko unywele, umejikunja na kugusa waya huo. Au utakuta shaba imekuwa ya kijani, dalili kwamba mvua ilishaingia. Dekoda hutuma umeme wa volti 13 au 18 kupitia waya uleule ili kuiendesha LNB na kuichagulia upande wa mawimbi, kwa hiyo uzi huo mmoja unatosha kuua chaneli zote. Sasa fikiria fundi wa intaneti aliyepita juzi, akaivuta kebo yake kwenye tundu lilelile la ukuta, akaisukuma ya zamani pembeni. Konekta iliyokuwa inashikilia kwa bahati ikaachia. Redio imesababisha hitilafu, ndiyo, lakini kwa mkono wa fundi: huo ndio mlango wa kwanza.

Mlango wa pili ni adapta. Redio nyingi za paani hupata umeme kupitia kebo ya intaneti, mara nyingi volti 24, kutoka kwa adapta ndogo ya PoE iliyochomekwa ndani. Adapta duni hutoa kelele za umeme za makumi ya kilohezi. Ile toni ambayo dekoda huitumia kuiamrisha LNB ihamie masafa ya juu ni ya kilohezi 22. Kebo mbili zikifungwa pamoja kwa mita nyingi na zikishiriki inveta moja isiyo na waya wa ardhini, kelele za moja huweza kuingia kwenye nyingine. Mjini Likasi, ambako umeme wa shirika la SNEL hukatika na nyumba zikahamia kwenye inveta na jenereta, hali hiyo si ya kufikirika tu. Tiba yake ni nyepesi: tenganisha kebo, tumia kebo ya intaneti yenye ngao ya chuma, unganisha ardhini mlingoti na ngao zote mahali pamoja, na adapta isiyo na jina ibadilishwe. Waya wa ardhini ungekuwa lazima hata bila televisheni, kwa radi za Katanga.

Kuna mlango wa tatu ambao ni wa chuma na misumari. Fundi akifunga redio kwenye mlingoti uleule unaobeba dishi, uzito na upepo vinalitikisa dishi. Bendi ya Ku haisamehi: kwa dishi la sentimita 80, kuteleza digrii moja au mbili kunatosha kupoteza picha. Kila kifaa kiwe na nguzo yake.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni swichi. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye dekoda, wenye mistari miwili, nguvu na ubora. Uache kwenye chaneli inayosumbua. Mtu mwingine achomoe adapta ya redio, asubiri dakika chache, airudishe. Ubora ukipanda na kushuka kwa kufuata adapta, umempata. Usipotikisika, redio haina kesi, hata kama ilifungwa jana. Na nguvu ikiwa juu huku ubora uko chini, hiyo ni dalili ya kelele au ya dishi lililoshika setilaiti ya pembeni. Vyote viwili vikiwa chini, tafuta kebo, maji au LNB.

Kabla ya kumshtaki mtu, angalia pia kalenda. Mvua kubwa za kati ya Novemba na Aprili hunyonya mawimbi ya Ku na kukata picha kwa dakika kadhaa, kisha picha hurudi yenyewe. Lipo jambo la pili ambalo huwatatiza hata mafundi: mara mbili kwa mwaka jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti, na kelele zake za redio huzama ndani ya dishi. Kwa mahali palipo digrii 11 kusini, siku hizo huangukia siku chache baada ya Machi 20 na siku chache kabla ya Septemba 22. Kwa setilaiti zilizo karibu na utosi, kama hizo za digrii 16 na 36, hutokea si mbali na saa sita mchana, dakika chache kila siku kwa siku kadhaa mfululizo. Hakuna kebo wala LNB mpya itakayoziba jua.

Neno moja kuhusu mionzi, kwa sababu jina la Shinkolobwe linalivuta lenyewe. Mgodi huo wa kampuni ya Union Minière ndio uliotoa urani nyingi ya Mradi wa Manhattan uliotengeneza mabomu ya 1945. Uchimbaji ulipigwa marufuku kwa amri ya rais Januari 2004, na Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu wanane. Mji ulio jirani na shimo la namna hiyo una haki ya kuuliza kuhusu miale. Lakini mwale wa gama unaotoka kwenye mawe yenye urani, kwa mfano ule wa kiloelektronivolti 609 wa bismathi-214, una nishati inayozidi chembe ya wimbi la gigahezi 5.8 kwa zaidi ya mara bilioni 20. Ule wa kwanza huvunja molekuli za mwili. Wa pili hauna uwezo huo. Redio ya paani haiongezi hatari ya aina ya Shinkolobwe, na mawe ya Shinkolobwe hayagandishi picha.

Yote yaliyosemwa hadi hapa ni ya dishi dogo la Ku. Ukifika kwenye madishi makubwa ya bendi ya C, yale ya mita 1.8 hadi 3 yanayoonekana kwenye vituo vya televisheni, hoteli na makanisa, hadithi inabadilika, na hapo malalamiko dhidi ya intaneti isiyo na waya ni ya kweli kabisa.

Afrika ya kitropiki iliipenda bendi ya C kwa sababu ya mvua. Mawimbi ya gigahezi 3.4 hadi 4.2 hupenya dhoruba ambayo Ku inazimika ndani yake. Lakini koo la LNB ya C lina kipenyo cha milimita 60 hivi, na bomba la upana huo hupitisha chochote kilicho juu ya gigahezi 3 kasoro kidogo. Redio za intaneti za WiMAX zilipoingia barani kwa masafa ya gigahezi 3.5, ziliingia mle mle. LNB hushusha masafa kwa kuyatoa kwenye 5,150. Wimbi la 3,500 linatokea kwenye kebo kama 1,650, katikati kabisa ya safu ya dekoda. Hata mtu anapotazama chaneli iliyo kwenye 4,000, LNB yake hupokea safu nzima kwa mpigo, na wimbi moja lenye nguvu huilemea mpaka isitoe kitu. Ndiyo maana chaneli zote hupotea pamoja, tofauti na kisa cha ProSieben.

Bolivia ililiona hilo mwaka 2006: intaneti isiyo na waya ya masafa hayo ilivuruga matangazo ya setilaiti wakati wa Kombe la Dunia. Mwaka uliofuata, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliruhusu nchi nyingi, zikiwemo za Afrika, kutumia 3.4 hadi 3.6 kwa simu. Mkutano wa Dubai wa 2023 ukaongeza 3.6 hadi 3.8 kwa kanda yenye Ulaya na Afrika. Hiyo ndiyo nyumba ya 5G. Marekani ilipouza masafa ya 3.7 hadi 3.98 kwa dola zaidi ya bilioni 80, mnada uliokwisha 2021, kampuni za setilaiti zililipwa zihame na vituo vya ardhini vikafungiwa machujio. Mwenye dishi la bendi ya C huko Katanga hatalipwa na mtu.

Chujio ndiyo tiba yenyewe. Ni kipande cha bomba la chuma kinachokaa kati ya mdomo wa dishi na LNB, kimepimwa kupitisha 3.7 hadi 4.2 na kufunga mengine. Kiwekwe mbele ya LNB. Chujio linalofungwa kwenye kebo nyuma yake limechelewa, kwa kuwa LNB imeshalemewa. Ambaye chaneli zake ziko chini ya 3.7 hana chujio la kumsaidia. Ahame chaneli au ahame setilaiti.

Tiba ya pili ni ukuta, na hapa jiografia ya Likasi inasaidia tena. Setilaiti ya SES-4, digrii 22 magharibi, iko kwenye mwinuko wa digrii 33 hivi kutoka Likasi. Ukuta unaozidi dishi kwa mita 2 unaweza kujengwa mita 3 na kidogo mbele yake bila kuziba setilaiti. Kwa Intelsat 20, digrii 68.5 mashariki, mwinuko ni 40 na ukuta unaweza kusogea hadi mita 2.4. Mnara wa intaneti ukiwa upande huo, ukuta wa matofali, au bora zaidi wavu wa chuma uliounganishwa ardhini, hupunguza sana kinachoingia. Kushusha dishi kutoka paani na kuliweka uani nyuma ya nyumba hufanya kazi hiyohiyo bila saruji.

Mgeni mpya wa mapaa ni Starlink. ARPTC, mamlaka ya udhibiti ya Kongo, iliipiga marufuku mwaka 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Sahani yake hupokea kati ya gigahezi 10.7 na 12.7, yaani masafa yaleyale ya televisheni ya Ku. Kanuni za kimataifa zinazibana setilaiti zake zisiwaumize watumiaji wa setilaiti zilizosimama juu ya ikweta, na kwa sababu hiyo hazimulikii ardhi zikiwa zimejipanga na setilaiti hizo za ikweta. Nyumbani, la kuangalia ni moja tu: sahani hurusha kwenye gigahezi 14.0 hadi 14.5, masafa ambayo koo la LNB ya Ku haliyazuii. Isikae mbele ya dishi la televisheni. Mita chache pembeni zinatosha.

Televisheni nayo hulipiza kisasi, kwa kiasi kidogo. Ruta ya Wi-Fi iliyosukumwa nyuma ya televisheni, karibu na diski ya USB 3.0 inayorekodi vipindi, hupoteza kasi: Intel ilionyesha mwaka 2012 kwamba nyaya za USB 3.0 hutoa kelele katika eneo la gigahezi 2.4. Isogeze ruta, au tumia gigahezi 5.

Mwenye dishi la C ambaye bado anaona picha safi leo anunue chujio kabla mnara wa 5G haujasimama mtaani kwake. Na anayetaka kulalamika ARPTC asiende na hasira tupu. Aandike masafa ya transponda zinazokufa, saa zinapokufa na kurudi, aina ya LNB, upande dishi linapoelekea, na kilichotokea redio ilipozimwa. Mhandisi anayeshika karatasi hiyo anajua aende na kipimo gani na asimame juu ya paa lipi.